Mkasi badala ya baridi: yanayosemwa kuhusu mvinyo wa Dodoma

Weka chupa ya mvinyo wa Dodoma kwenye meza ya harusi, hakosi mjuzi wa kusema, "Huu si juisi na spiriti tu?" Yapo mengi ya namna hiyo.

"Zabibu ni za nchi za baridi." Kazi ya baridi ya Ulaya ni kuulaza mzabibu: hupukutisha majani, hupumzika, joto likirudi huchipua. Dodoma, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, haina baridi ya hivyo, basi mkulima hushika mkasi. Hupogolea matawi ya msimu uliopita, akabakiza vipande vifupi vyenye macho (machipukizi) mawili matatu, na tangu siku hiyo anahesabu. Baada ya miezi minne hivi, vichala viko tayari. Ndiyo maana Ulaya huvuna mara moja kwa mwaka, Dodoma mara mbili: Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Ila mavuno hayo hayalingani. Ya wakati wa mvua husumbuliwa na ubwiri, ugonjwa wa ukungu, na zabibu zake hujaa maji. Za kiangazi hupata jua kali mchana na ubaridi usiku (Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari), na sukari yake hukolea. Mie ukiniuliza, subiri za Agosti.

"Wanatia spiriti." Mchuzi wa zabibu, kama unavyoitwa kule, hujitengenezea kileo wenyewe. Hamira hula sukari, hutoa kileo na gesi. Sogeza sikio kwenye pipa, utausikia unatokota bila moto. Mvinyo ipo inayoongezewa kileo, kama ile ya Porto ya Ureno, na hiyo hakuna anayeicheka.

"Wekundu ule ni rangi ya dukani." Chukua zabibu nyeusi, iminye kidoleni. Kwa aina nyingi, maji yanayotoka karibu hayana rangi. Rangi imo kwenye ganda. Makutupora Red, zabibu nyeusi ya Dodoma, huchacha pamoja na maganda yake, ukatoka mvinyo mwekundu. Chenin Blanc, ya kijani, hukamuliwa maganda yakatupwa.

"Ukikaa sana ndiyo unakuwa mzuri." Michache tu. Mingi ni ya kunywa ndani ya miaka michache, na chupa iliyofunguliwa Pasaka ikasahauliwa kabatini, hiyo imeshakuwa siki, kaungie kachumbari.