Gredi Haikuchagulii Mwamba

Kila msimu wa kupanda miamba unapofunguka, hunijia mtu aliyehamia karibu na milima juzijuzi. Ana kitabu cha njia mkononi, na kabla hajaketi ananiambia: "Kwenye ukuta wa ndani napanda 5.10 bila shida, kwa hiyo nitafutie 5.8 ndefu huko juu, nianze na nyepesi." Namba hizo ni gredi, yaani vipimo vya ugumu wa njia ya kupandia; 5.10 ni ngumu kuliko 5.8. Nimemsikia mara nyingi hata naweza kummalizia sentensi.

Dhana hiyo, kwamba ukishusha gredi kidogo umeshajikinga, ndiyo inayonichosha kuliko zote. Gredi hueleza ugumu wa hatua ngumu kuliko zote kwenye njia, basi. Haikwambii ni saa ngapi kutoka barabarani hadi chini ya ukuta, mwamba ni mzima au unamong'onyoka, kuna boliti zilizokwisha kutobolewa mwambani au nanga zote, yaani vya kujifungia kwenye mwamba, utatega mwenyewe, wala utashukia wapi. Tena gredi zenyewe zina umri. Mizani ya Marekani ilipopata namba hizi miaka ya 1950, kwenye miamba ya Tahquitz huko California, 5.9 ndiyo ilikuwa kikomo. Kilichokuwa kigumu sana hakikuwa na namba nyingine ya kupewa. Ukikutana na 5.9 ya enzi hizo, usiichekee.

Hebu tupige hesabu ya hiyo "nyepesi". Tuseme ina urefu wa kamba nane, yaani vipande nane, kila kimoja hupandwa kwa kamba moja kutoka nanga hadi nanga. Wawili waliozoeana hutumia dakika 30 hadi 45 kwa kila kamba, pamoja na kutega nanga, kumpandisha mwenzako na kupokezana vifaa. Mgeni wa milima hutumia saa nzima, nami simlaumu. Hizo ni saa 8 ukutani. Kuufikia ukuta, tumia kanuni ya Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 8 zenye mwinuko wa mita 900 ni saa 3 na ushee, na hapo bado hatujakutwisha kamba na vyuma. Kushuka, saa 3 au 4. Jumla ni kama saa 15, na hujasimama kunywa maji wala kupotea njia. Utapotea.

Ndiyo maana nina ushauri ambao wenzangu wamechoka kuusikia: chagua mteremko kwanza. Soma ukurasa wa kushukia kabla ya ukurasa wa kupandia. Kama mlima una njia ya miguu upande wa nyuma, siku moja ipande mchana kweupe, bila kamba, uone korongo linaanzia wapi na theluji imebaki wapi. Jioni, ukungu ukishatanda na miguu imechoka, makorongo yote hufanana. Ukishaujua mteremko wa mlima mmoja, panda njia tatu za mlima huohuo kabla ya kukimbilia mwingine. Wateja hawaupendi ushauri huu kwa sababu haupendezi kwenye picha.

Dhana nyingine za wageni hao nazo nazisikia kila msimu. "Tukishindwa tutarudi kwa kamba." Kamba moja ya mita 60, ikikunjwa katikati, inakushusha mita 30. Nanga uliyoiacha nyuma iko mita 50 chini yako. Sasa? Na njia ikiwa imekata kando, ukishuka wima hutaiona nanga hiyo kabisa. Kabla ya kuanza, jua ni kamba ya ngapi ambayo ukishaipita ni heri kumalizia juu. Ukilazimika kurudi, utaacha vifaa. Viache! Nimeona watu wakibishana chini ya ngurumo kwa ajili ya karabina mbili, vile vyuma vya kuungia kamba.

"Asubuhi ni kweupe, siku itakuwa njema." Kwenye safu nyingi za milima, siku ya kiangazi yenye radi alasiri huanza kweupe hivyohivyo. Jua hupasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu hujengeka juu ya vilele. Kama radi za alasiri ni kawaida mahali hapo, saa sita mchana ikukute unashuka. Maana yake ni kuamka saa nane usiku.

"Nimehamia hapa, mwili umeshazoea." Kulala mita 1,500 hakukuandai kwa mita 4,000. Kwenye mita 3,000 kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 70 ya ile ya pwani. Ukishapita hapo, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na mapafu ya mkimbiaji hayakupi msamaha.

"Msimu ni msimu, mlima mzima." Uliza Mlima Kenya: kuta za kaskazini za Batian, kilele chake kirefu kuliko vyote, hupandwa zaidi Juni hadi Oktoba, za kusini Desemba hadi Machi, kwa kuwa jua huhama upande. Kosea upande, utakuta nyufa zimejaa barafu.

"Njia yenye watu wengi ndiyo salama." Jumamosi kwenye njia maarufu kuna watu sita juu yako, na kila mmoja ana mguu wa kusukuma jiwe. Nenda Jumanne, na kofia ngumu uivae ukiwa bado unakaribia ukuta.