Wiki mbili za kwanza baada ya gereza

Ndugu anayekula unga, yaani heroini, akifungwa, familia nyingi hushusha pumzi. Angalau huko ndani ataacha, wanasema. Na siku anapotoka, amenawiri, anasalimia vizuri, nyumba nzima huamini kazi imekwisha. Sisi tunaowapokea kliniki, siku hiyo ndiyo tunayoiogopa.

Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ulifuatilia zaidi ya watu 30,000 waliotoka gerezani. Katika wiki mbili za kwanza, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine. Mwili uliozoea heroini huhimili kiasi kikubwa. Ukikaa miezi bila kuipata, uzoefu huo hupotea. Kichwa ndicho hakisahau. Mtu anarudi kijiweni, ananunua kete zilezile za zamani, na pumzi inakata.

Ndiyo maana tunaomba mipango ya matibabu ifanywe angali ndani, ili atoke akijua kliniki anayokwenda kesho yake. Tanzania Bara ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na hutolewa bila malipo. Mgonjwa hufika kila siku, hunywa dawa dirishani mbele ya mhudumu, kisha husemeshwa kidogo ili ijulikane ameimeza. Aliyekuwa akiitumia kabla ya kukamatwa, kisha ikakatika, asidai dozi yake ya zamani. Tutamwanzisha chini na kupandisha taratibu. Wengi hukasirika, na tunawaelewa, maana arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, ni mateso. Lakini dozi iliyomtuliza mwaka jana inaweza kumuua leo.

Kwenu mnaoishi naye: mkimkuta anakoroma kwa shida, haamki akitikiswa, midomo imegeuka rangi na mboni za macho zimekuwa vitone, msidhani amechoka. Msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa. Mlazeni ubavu, mumkimbize hospitali, na mseme wazi ametumia nini. Aibu isiwafunge mdomo hapo. Naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya heroini, hurudisha pumzi ndani ya dakika chache, ila nguvu yake inaweza kuisha kabla heroini haijatoka mwilini. Kwa hiyo hata akizinduka na kuomba kurudi nyumbani, abaki chini ya uangalizi mpaka daktari amruhusu.