Terminator wapya: kitako kilekile, kimo kingine

Kwenye bao, kete ni kete. Ukikosa komwe unaokota kokoto, na mchezo haubadiliki hata chembe. Warhammer 40,000 haiko hivyo. Mchezo huu wa vita vya mezani, unaotengenezwa na Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, huchezwa kwa futikamba. Umbali wa kupiga na wa kuvamia hupimwa kwa inchi, toka ukingo wa kitako cha sanamu moja, yaani kisahani inachosimamia, hadi ukingo wa kitako cha nyingine. Kama adui anaonekana au haonekani, unainama hadi usawa wa askari wako na kuchungulia. Kwa hiyo sanamu ikibadilishwa umbo, mchezo nao umebadilika, hata kama kwenye kitabu cha sheria halijaguswa neno. Boksi jipya likitoka, mimi hushika rula kabla ya brashi.

Safari hii ni Terminator, wale wenye deraya nzito kati ya Space Marine, askari wa kubuni wa mchezo huu. Waliundwa upya mwaka 2023, wakatoka kwanza ndani ya Leviathan, boksi la sanamu 72 lililozindua toleo la 10 la sheria za mchezo. Kwa macho tu, kazi ni nzuri mno. Wale wa plastiki wa zamani walisimama wamejikunja, magoti nje, kichwa kimezama kifuani. Hawa wamenyooka, miguu ina urefu unaolingana na mwili, na ukiwapanga watano unaona uzito wa chuma walichobeba. Nawapenda.

Lakini jambo lililonifurahisha zaidi liko chini ya miguu yao: kitako kimebaki cha milimita 40.

Asiyecheza atauliza kuna nini hapo. Tazama yaliyowapata Space Marine wa kawaida. Kwa miaka mingi walikaa kwenye kitako cha milimita 25, kisha wakahamishiwa 32, na Primaris, kizazi kipya cha Space Marine cha mwaka 2017, wakaja na 32 tangu mwanzo. Milimita saba zinaonekana si kitu, ila eneo la kitako limeongezeka kwa asilimia 64. Wapange watano mstari mmoja, ukiacha kati yao inchi 2 zinazoruhusiwa: kwenye 25 wanatanda kama sentimita 33, kwenye 32 wanafika 36. Mstari huo ndio unaomzuia adui anayeshuka kutoka angani, maana kwa sheria za toleo la 10 haruhusiwi kutua ila zaidi ya inchi 9 kutoka kwa yeyote kati yao. Wamekuwa ukuta mrefu zaidi bila kulipiwa hata pointi moja, zile ambazo kila mchezaji hulipia vikosi vyake.

Upande wa kushambulia, hasara. Mzunguke adui mmoja mwenye kitako cha 40: askari wa 25 wanaomgusa wanaenea saba, wa 32 wanaenea sita tu. Na kwenye ghorofa za magofu, ambako kitako hakiruhusiwi kuning'inia nje ya sakafu, sehemu iliyokuwa ikibeba watatu inaweza kubeba wawili. Ndiyo maana namshukuru aliyeamua kuacha 40 ya Terminator ilivyo. Mwenye kikosi cha zamani anakiweka mezani leo, na nafasi inayochukua ni ileile. Wakishuka kutoka angani bega kwa bega bado wanahitaji sentimita 20, na uvamizi wao bado unadai jumla ya 9 au zaidi kwenye dadu mbili, bahati ya asilimia 28 hivi.

Kilichobadilika ni kimo, na hapa lazima tuwe makini. Sheria ya toleo la 10 inasema sehemu yoyote ya mwili ikionekana, askari anaweza kupigwa. Nyuma ya gofu haidhuru, kwa kuwa gofu huziba macho bila kujali urefu, lakini nyuma ya kizuizi kifupi au bomba la mafuta, Terminator wa zamani aliyejikunja angeweza kupotea kabisa pale ambapo huyu mpya anatokeza kofia na mabega. Faraja ni kwamba aliyefichika nusu hupata nyongeza ya kinga. Silaha inayokula deraya kwa alama mbili humwacha Terminator na kinga ya 4 kwenda juu, maana yake dadu ikitoa 4 au zaidi, pigo limezuiwa. Akiwa nyuma ya kizuizi inarudi kuwa 3 kwenda juu, yaani kutoka nusu hadi theluthi mbili ya mapigo anayoyazuia. Kwa mtu mwenye uhai wa alama tatu, tofauti hiyo ni kubwa. Naye akionekana zaidi, anaona zaidi, kwa hiyo mweke mwenye silaha nzito pale urefu wake utakapomsaidia kupiga, na wengine wabaki nyuma ya gofu.

Silaha nzito ndiyo inayonikera. Wale wa Leviathan hubanwa bila gundi, mikao yao imeshaamuliwa, na mwenye silaha nzito amepewa Assault Cannon, bunduki ya mitutu mingi, basi. Boksi la Terminator linalouzwa peke yake linakupa pia Cyclone, kirusha makombora kinachofika inchi 36 wakati Assault Cannon inaishia 24. Katika toleo la 10 silaha hazilipiwi pointi mojamoja, hivyo wachezaji wawili wanalipa bei moja ya kikosi, mmoja akiwa na uchaguzi na mwenzake hana, kwa sababu tu ya boksi walilonunua. Hilo si haki kwa anayeanza.

Ushauri wangu: ukiwa na wa zamani, usiwatupe. Wape kikosi chao, na wapya kikosi chao, usiwachanganye, ili mpinzani wako asibishane nawe kila anapochungulia nani anaonekana. Na ukinunua boksi moja tu, nunua lile lenye Cyclone.