Mvua ya Machi, nyakanga na matukio ya pembeni ya kongamano

Niliporudi kutoka Boston, Novemba 2023, swali la kwanza nililoulizwa kazini hapa Mtwara halikuhusu utafiti wala vifaa. Kaka mmoja wa maabara alinivuta pembeni: "Dada, posho walikuwa wanatoa kwa siku au kwa mkupuo?" Nilipomjibu kwamba kule mhudhuriaji ndiye anayelipa ili aingie, alinitazama kama mtu aliyetapeliwa.

Nilikuwa nimekwenda, kwa ufadhili, kwenye kongamano la mwaka la ASHA, chama cha Marekani cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Nilisomea Makerere, ambako shahada hiyo ilianza 2008. Wanaokuja kwangu ni watoto waliochelewa kuongea, waliozaliwa na mpasuko wa mdomo, wenye kigugumizi, wazee waliopata kiharusi wakapoteza maneno, na wale wanaopaliwa kila wakimeza uji. Hospitalini bado kuna wanaoniita "dada wa mabubu". Nimelikataa jina hilo mpaka nimechoka.

ASHA ilianza 1925 ikiwa na wanachama waanzilishi 25, idadi inayojaa kwenye Coaster moja. Siku hizi kongamano lake linakusanya maelfu ya watu, na ratiba yake ni nene kama daftari la mahudhurio. Ukiifungua utaona tabaka mbili. La kwanza ni mihadhara, vyumba kwa vyumba, asubuhi hadi jioni. La pili ni yale wanayoyaita matukio maalumu: kikao cha ufunguzi, hafla ya tuzo, ukumbi wa maonyesho, saa za mabango ya utafiti, mikusanyiko ya wanafunzi. Mgeni hudhani hayo ya pili ni mapambo, kama ngoma inayochezwa kabla ya mgeni rasmi hajafika. Nami nilidhani hivyo. Siku ya kwanza nilikimbia chumba hadi chumba nikinakili slaidi ambazo ningeweza kuzisoma nikiwa kitandani. Siku ya pili miguu iligoma, nikaenda kukaa kwenye tuzo.

Miongoni mwa tuzo za mfuko wa chama hicho iko moja ya mtaalamu aliyetumia maisha yake kuhudumia wagonjwa, na imepewa jina la Frank Kleffner. Mimi jina hilo nilikuwa nalijua likiwa nyuma ya kistari: Landau-Kleffner. Mwaka 1957 yeye na daktari William Landau walieleza habari za watoto waliokuwa wakiongea vizuri, kisha lugha ikawatoka, huku ubongo wao ukionyesha dalili za kifafa. Mara nyingi kinachotangulia kuondoka ni kuelewa. Mtoto anaitwa hageuki, watu wanasema amekuwa kiziwi, lakini ukipima masikio ni mazima. Tatizo hujitokeza zaidi akiwa amelala, unapopima umeme wa ubongo.

Niliwahi kumwona mtoto wa namna hiyo kutoka upande wa Tandahimba. Mama yake alikuwa ameshazunguka kwa waganga na kwa wasafisha masikio. Kila mmoja alimwambia masikio yameziba, na kila mmoja alitoa kitu ndani ya sikio akamwonyesha. Tulichelewa kumpeleka kwenye kipimo cha ubongo, na mimi ni mmoja wa waliochelewa. Nikiwa nimekaa kwenye ule ukumbi wa Boston, watu wakipiga makofi kwa nguo nzuri, niliandika nyuma ya ratiba: mtoto aliyekuwa anaongea akanyamaza, usiishie masikioni. Karatasi hiyo iko ukutani kwangu mpaka leo.

Ukumbi wa maonyesho nao ulinipa kitu kimoja. Yalikuwapo mashine za bei ambayo sitaitaja nisije nikakatisha mtu tamaa. Zilikuwapo pia mbao za picha, za mgonjwa asiyeweza kutamka: anaonyesha kwa kidole, nawe unaelewa. Picha zenyewe zilikuwa za theluji, mkate wa nyama na mbwa wa kufuga ndani. Nikacheka, nikapiga picha, na niliporudi tukatengeneza ubao wetu kwa karatasi iliyopigwa plastiki: dumu la maji, ugali wa muhogo, samaki, khanga, mkeka, ndoo, mtu anayeshika kichwa, mtu anayesema "niacheni". Picha hiyo ya mwisho ndiyo inayochakaa haraka kuliko zote.

Basi mwaka uliofuata tukasema na sisi tufanye letu. Siyo kongamano, ilikuwa siku moja, ukumbi mmoja, wauguzi, walimu wa elimu maalumu, wakalimani wa lugha ya alama, na wagonjwa wenyewe na ndugu zao. Tukachagua tarehe 3 Machi, Siku ya Usikivu Duniani. Mtu yeyote aliyekulia Mtwara atakuwa ameshaona kosa letu.

Ukumbi una paa la bati. Machi ni mvua.

Tukio letu maalumu la kwanza lilikuwa upimaji wa usikivu bure. Katika upimaji wa awali unamvisha mtu vipokea sauti, unamletea milio hafifu ya hezi 1000, 2000 na 4000, naye ananyoosha mkono akisikia. Kazi yote inategemea ukimya. Tulikuwa tumeshazima feni na kumwomba kijana wa bajaji asogee mbali na dirisha. Saa nne mvua ikashuka. Kwenye bati haikuwa mvua tena, ilikuwa mashine ya kubangua korosho. Wazee waliokuwa kwenye foleni wakanyoosha mikono wote kwa pamoja, kwa heshima tu, hata ambao hawakuwa wamevaa kitu kichwani. Majibu ya saa ile tuliyafuta. Nasikitika, kwa sababu walikuwamo wavuvi wawili waliowahi kuwa karibu na baruti baharini, na mama aliyeanza kusikia mlio masikioni baada ya kutumia kwinini, ambayo kweli ina tabia hiyo. Hao tuliwapima upya wiki iliyofuata, kwenye stoo ya mashuka. Ukitaka chumba kinachomeza sauti kwa bei nafuu, tafuta stoo ya mashuka.

Mgeni rasmi naye akakwama njiani. Kwa itifaki zetu bila yeye hakuna kinachofunguliwa, kwa hiyo tukawa na watu wapatao themanini, chai, maandazi, na muda ambao haukuwa na mwenyewe.

Kujaza muda nikaanzisha mchezo ambao ulikuwa umepangwa saa nane: tatizo au lafudhi? Nasema neno kama mtoto alivyolisema, ninyi mnaamua kama aje kwangu. Chanzo cha mchezo ni mwalimu mmoja, mgeni mkoani, aliyeniletea watoto wanne kwa mkupuo akisema "hawawezi matamshi". Walikuwa wanasema nkono, ntoto, chitabu. Kwa Kimakonde hiyo ni sarufi tupu, ki- ya Kiswahili kwao ni chi-, na hata mji huu wazee wanauita Ntwara. Nikawarudisha darasani na soda. Lakini mtoto wa miaka saba anayesema titabu badala ya kitabu, na tutu badala ya kuku, huyo nampokea. K inatamkwa nyuma ya kinywa, yeye anaileta mbele kwenye meno, na anafanya hivyo kwa kila neno, awe anaongea Kiswahili au Kimakonde. Kwa mtoto wa miaka mitatu hainiumizi kichwa. Kwa wa miaka saba inaniumiza. Ukumbi ulikosea mara nyingi, tena kwa kelele. Mzee mmoja akauliza kama huyo wa tutu hakatwi udata, kile kinyama cha chini ya ulimi, akapona. Hapana, mzee wangu. Ulimi uliofungwa unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, lakini kwa mtoto aliyechelewa kuongea nataka kwanza kujua anasikiaje, anaelewa nini na anacheza vipi. Wembe usitangulie.

Mvua ikaendelea. Ndipo likatokea ambalo halikuwa kwenye ratiba kabisa.

Alikuwapo bibi mmoja aliyeletwa na mjukuu wake. Familia imeniruhusu kusimulia, jina silitaji. Kabla ya kiharusi alikuwa nyakanga, mwenye kuwafunda wasichana waliovunja ungo huko kijijini kwa miaka mingi. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakamtoka. Alibakiwa na "haya basi". Ukimuuliza jina, haya basi. Akitaka maji, haya basi. Wanaosoma fani hii watamkumbuka mgonjwa wa daktari Paul Broca, Paris, 1861, aliyekuwa amebakiwa na silabi "tan" tu. Bibi alikuwa anaelewa karibu kila kitu, na hilo ndilo lililokuwa linamliza.

Mdundo wa mvua kwenye bati ulipotulia kidogo, akaanza kugonga mkono wa kushoto pajani. Kisha akaimba. Maneno kamili, mstari hadi mstari, bila kujikwaa. Akina mama wa safu ya nyuma wakashtuka, wakatazamana, wakaangua kicheko huku wamefunika nyuso kwa khanga, na wawili watatu wakaitikia kabla hawajajizuia. Ulikuwa wimbo wa unyago. Zile nyimbo haziimbwi mbele ya wanaume, na sababu inajulikana kwa kila aliyechezwa. Mganga wetu mfawidhi akabaki anatabasamu kwa adabu, bila kujua anatabasamia nini. Mjukuu akawa analia. Miezi saba hakuwa amesikia sauti ya bibi yake ikisema zaidi ya maneno mawili.

Hali hii si muujiza. Wengi wenye afasia, yaani waliopoteza lugha baada ya ubongo kuumia, bado wanaweza kuimba nyimbo walizozizoea, kwa kuwa wimbo hautegemei njia zile zile za upande wa kushoto zinazotumika kupanga sentensi mpya. Kama kinachosaidia zaidi ni sauti inayopanda na kushuka au ni mdundo, watafiti bado wanabishana. Jambo la hakika ni kwamba kuimba wimbo wa zamani peke yake hakukurudishii uwezo wa kuomba maji. Mwaka 1973 watafiti wa Boston, mji ule ule, walieleza tiba inayoanzia hapo na kwenda mbele: unachukua sentensi fupi ya kila siku, unaiimba kwa noti mbili, ya juu na ya chini, mgonjwa akigonga mkono wa kushoto kwa kila silabi. Mnaimba pamoja, kisha mtaalamu ananyamaza katikati, mgonjwa anamalizia. Polepole wimbo unaondolewa, sentensi inabaki.

Kiswahili kinafaa sana hapa. Mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo noti ya juu ina mahali pake tayari: na-TA-ka MA-ji. Kwa Kiingereza unalazimika kutafuta mkazo neno kwa neno. Sisi tumepewa tuni pamoja na lugha.

Nilianza naye wiki ile ile. Tuliazima tuni kutoka kwenye nyimbo zake mwenyewe, tukabadilisha maneno, ingawa bado kuna tuni mbili tatu ambazo mjukuu hataki tuzitumie sebuleni mjomba wake akiwapo. Baada ya wiki sita bibi alikuwa anaomba maji, uji na kupelekwa uani, kwa kuimba. "Karibu" amelirudisha bila wimbo. Majina ya watu bado yanamkwepa, na ninamwambia mjukuu asitegemee kwamba yote yatarudi.

Mgeni rasmi alifika saa nane na nusu. Akafungua, akasema itifaki imezingatiwa, akauliza upimaji umekwendaje.

Sasa tunapanga awamu ya pili. Tumehamisha tarehe hadi wiki ya mwisho ya Septemba, jua likiwa kali na minada ya korosho haijaanza. Nimeombwa nipeleke ratiba ikapitishwe, na mganga mfawidhi ameizungushia duara sehemu moja ya saa nne hadi saa tano, akaandika pembeni "fafanua". Nilikuwa nimeandika: Tiba ya usemi kwa wimbo, anaongoza nyakanga. Wanaume watakunywa chai nje.