Obama hakuzuka kwa hotuba moja

Wengi wetu tunasimulia kwamba Barack Obama alikuwa hajulikani, akahutubia mkutano wa chama chake Boston mwaka 2004, na miaka minne baadaye akachaguliwa kuwa rais. Masimulizi hayo yanaruka miaka ambayo ndiyo iliyomjenga.

Tangu Januari 1997 hadi 2004 alikuwa mjumbe wa Seneti ya jimbo la Illinois. Hilo si bunge la Washington. Hukaa Springfield, mji mkuu wa Illinois, na kutunga sheria za jimbo hilo tu. Wakati huohuo alikuwa wakili Chicago, katika ofisi iliyoshughulikia kesi za haki za kiraia, na akifundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 2000 aliwania tiketi ya kwenda bunge la taifa, Bobby Rush, mbunge aliyekuwa akishikilia kiti hicho, akambwaga vibaya.

Chama chake kilikuwa cha wachache Springfield, kwa hiyo miswada yake mingi ilikwama. Kilipopata wingi mwaka 2003, mambo yakafunguka. Kazi ninayoiheshimu zaidi ni sheria ya kulazimisha polisi warekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Illinois ilikuwa imegundua watu 13 waliohukumiwa kifo kimakosa, na gavana alikuwa amesimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo. Polisi na waendesha mashtaka waliipinga mwanzoni. Obama aliketi nao, akabadilisha vifungu, akasikiliza tena, hadi mswada ukapita bila kura hata moja ya kuupinga katika Seneti.