Texas Western 1966: tunayoyasimulia na yaliyotokea

Wapenzi wengi wa kikapu wa rika langu waliijua Texas Western kupitia Glory Road, ile filamu ya 2006. Mimi niliiona kwenye kibanda umiza, nimebanwa kwenye benchi la mbao, na nilitoka pale nimeamini kila kitu. Kwa miaka kadhaa nikawa nawasimulia vijana uwanjani hadithi ileile, mikono inarushwa hewani. Siku moja nikaishika karatasi ya takwimu za fainali yenyewe, nikaanza kujumlisha. Hesabu ikagoma.

Kwa asiyeijua: tarehe 19 Machi 1966, ndani ya ukumbi wa Cole Field House huko College Park, Maryland, chuo kisicho na jina kubwa kutoka El Paso kiliifunga Kentucky 72-65 na kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani, ule wa NCAA. Kocha Don Haskins alianza na Weusi watano. Kentucky ya mzee Adolph Rupp ilikuwa Wazungu watupu, kuanzia uwanjani mpaka mwisho wa benchi. Hayo ni kweli tupu. Shida iko kwenye chumvi iliyoongezwa baadaye.

"Haskins alifika, msimu huohuo akabeba kombe"

Filamu ina saa mbili tu, basi ikaikunja miaka mitano ikawa mmoja. Haskins aliajiriwa 1961. Aliipeleka timu kwenye mashindano ya NCAA mwaka 1963 na 1964, na ubingwa ukaja katika msimu wake wa tano. Kabla ya hapo alifundisha shule za sekondari katika miji midogo ya Texas, wavulana na wasichana. Ile picha ya mwalimu wa wasichana aliyeokotwa kusikojulikana imekuzwa.

Wala si yeye aliyemleta mwanamichezo Mweusi wa kwanza pale. Charlie Brown alikuwa ameshacheza Texas Western tangu 1956, na Haskins alipofungua mlango wa mazoezi 1961 alimkuta Nolan Richardson, kijana wa hapohapo El Paso, anamsubiri. Huyo Richardson ndiye aliyekuja kuwa kocha na kuipa Arkansas ubingwa wa 1994. Alichofanya Haskins ni kwenda mbali zaidi kutafuta wachezaji: New York, Gary ya Indiana, eneo la Detroit, Houston. Na El Paso yenyewe, mji wa mpakani unaotazamana na Juárez ya Mexico, haukuwa Texas ile ya mashariki, ya ubaguzi mkali, unayoiwazia.

"Kilikuwa kitimu cha kubahatisha"

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Texas Western iliingia kwenye mashindano imeshinda mechi 23 na kupoteza moja, ile ya mwisho wa msimu wa kawaida dhidi ya Seattle, 74-72. Ilikuwa ya tatu katika orodha ya ubora ya nchi nzima. Kentucky ilikuwa ya kwanza, sawa, lakini wa kwanza akikutana na wa tatu hiyo ni fainali kama fainali nyingine.

Bahati ukitaka kuitafuta, usiende fainali. Nenda Lubbock, Texas, kwenye hatua za awali za mashindano, wiki moja nyuma. Kwanza Texas Western iliponea kwa Cincinnati, 78-76, tena baada ya dakika za nyongeza. Kesho yake ikakutana na Kansas. Matokeo sawa, zikaongezwa dakika, na muda ukiwa unayoyoma Jo Jo White wa Kansas akaruka pembeni kabisa mwa uwanja na kuachia mpira wa mbali. Mpira ukazama. Wachezaji wa Kansas wakaanza kushangilia. Mwamuzi akaonyesha kidole chini: mguu wa White ulikuwa umekanyaga mstari. Kikapu kikafutwa, zikaongezwa dakika nyingine, Texas Western ikatoka na 81-80. Kisigino kile kingekuwa sentimita chache ndani, leo pengine nisingekuwa naandika haya.

"Ilikuwa mara ya kwanza Weusi watano kuanza mechi"

Mara ya kwanza kwenye fainali ya NCAA, ndiyo. Kwa Texas Western yenyewe lilikuwa jambo la kawaida. Haskins alishaanza na Weusi watano mara nyingi msimu ule. Ukirudi nyuma, San Francisco ya Bill Russell ilichukua ubingwa 1955 ikianza na Weusi watatu. Loyola ya Chicago iliuchukua 1963 ikianza na wanne. Na kuna chuo kinachosahaulika kila mwaka stori hii ikirudiwa: Tennessee A&I, chuo cha Weusi cha kocha John McLendon, kilichobeba ubingwa wa shirikisho jingine la vyuo, NAIA, mara tatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959. McLendon alisoma Kansas wakati James Naismith, mwanzilishi wa mchezo wenyewe, akiwa bado anafundisha pale. Hizo timu hazikutengenezewa filamu ya kuonyeshwa vibandani kwetu, ndiyo maana hatuzijui.

"Timu nzima ilikuwa ya Weusi"

Walikuwa 12: Weusi saba, Wazungu wanne, na David Palacio, Mmarekani mwenye asili ya Mexico. Fainali walicheza wale saba tu. Lakini siku moja kabla, kwenye nusu fainali, Jerry Chambers wa Utah alikuwa anawafunga anavyotaka. Alimaliza na pointi 38. Aliyeinuliwa kutoka benchi kwenda kumpunguza kasi ni Jerry Armstrong, Mzungu. Walishinda 85-78, na bila Armstrong fainali huenda isingekuwepo.

Nikiwa kwa Chambers hapohapo: watu huapa kwamba mchezaji bora wa mashindano alikuwa Bobby Joe Hill wa Texas Western. Hapana. Tuzo ilikwenda kwa Chambers, ambaye timu yake ilimaliza ya nne.

"Walishinda kwa kukimbia na kudanki"

Sasa tukae vizuri.

Dunki, yaani kuruka na kuusokomeza mpira kikapuni kutoka juu, ilikuwepo. Mapema kabisa kwenye fainali David Lattin, pande la mtu, aliupokea mpira karibu na kikapu na kuugonga chini juu ya kichwa cha Pat Riley. Ndiyo, Riley yuleyule uliyemwona baadaye akiwa kocha wa Lakers na nywele zake zimelazwa nyuma kwa mafuta. Picha hiyo ikishaingia kichwani, mtu anadhani dakika 40 zote zilikuwa hivyo.

Haya, karatasi ya takwimu. Kentucky walifunga vikapu 27. Texas Western walifunga 22. Soma tena: mabingwa walifunga vikapu vichache kuliko waliofungwa. Wakati huo mstari wa pointi tatu haukuwepo, ulikuja vyuoni msimu wa 1986-87, kwa hiyo kila kikapu ni mbili. Kentucky 54, Texas Western 44. Pengo la pointi kumi lilizibwa wapi? Kwenye mstari wa mitupo huru, ile anayopewa aliyechezewa faulu, pointi moja kila ukitia. Texas Western walipewa mitupo 34, wakatia 28. Kentucky walipewa 13, wakatia 11. Jumlisha: 72-65. Ubingwa uliotikisa Marekani uliamuliwa na watu waliosimama peke yao, miguu imetulia, wakidundisha mpira mara mbili tatu kabla ya kurusha.

Kuna mashabiki wa Kentucky ambao mpaka leo wanamnung'unikia mwamuzi kwa hizo 34 dhidi ya 13. Lakini angalia na mirusho ya kawaida: Kentucky walirusha mara 70, wapinzani wao mara 49. Hiyo ni timu inayosubiri mpira mzuri, inausogeza taratibu karibu na kikapu, inachezewa faulu. Tena hapakuwa na saa ya kukuharakisha urushe. Vyuo viliipata 1985. Ungeweza kukaa na mpira mpaka mzuiaji wako achoke akili.

Haskins aliutoa wapi mchezo huo? Kwa Henry Iba, kocha wake alipokuwa mchezaji huko Oklahoma. Iba alikuwa bahili wa kikapu: zuia kwanza, tunza mpira, usirushe ovyo. Haskins akawa mwanafunzi mkali kuliko mwalimu. Miaka sita baadaye alikaa benchi moja na Iba huyohuyo, akiwa msaidizi wake, pale Marekani ilipopoteza fainali ya Olimpiki ya Munich kwa Wasovieti, 51-50. Kwa hiyo vijana wa Bronx na Gary walifundishwa kikapu cha kizee kabisa, na wanaopenda kusema kwamba "Weusi waliwakimbiza Wazungu" wamegeuza mambo chini juu. Waliotaka mbio ni Kentucky. Mrefu wao kati ya wale watano alikuwa kama mita 1.96, ndiyo maana wakaitwa vibeti vya Rupp, na walitegemea kasi.

Haskins aliliona hilo. Badala ya kurefusha timu akaifupisha: akamweka benchi Nevil Shed, mtu wa zaidi ya mita mbili, akaanza na Willie Worsley wa mita 1.68, pamoja na Hill na Orsten Artis. Magadi watatu, yaani wale wafupi wepesi wanaoongoza mpira. Katikati ya kipindi cha kwanza Hill akamnyang'anya mpira Tommy Kron karibu na mstari wa kati, akaenda kufunga. Kentucky wakarudi na mpira, Hill akamnyang'anya Louie Dampier, akaenda kufunga tena. Unaona mtu anadundisha mpira wake kwa amani, mara mkono unabaki unadunda hewa. Kuanzia pale magadi wa Kentucky wakawa wanaangalia mpira wao wenyewe badala ya kuangalia wenzao. Hill alimaliza na 20, Lattin 16, Artis 15.

Mpaka anakufa, 2008, Haskins alishikilia kwamba hakuwa na ujumbe wowote wa kupeleka. Alipanga watu wa kushinda. Wengine hawamwamini. Ukitazama alivyompanga Worsley, mimi namwamini.

"Rupp alikuwa shetani tu"

Sina haja ya kumtetea. Timu yake haikuwa na Mweusi hata mmoja 1966, na wa kwanza, Tom Payne, alisajiliwa 1969. Alikuwa na ubingwa wa mara nne nyuma yake na jina kubwa la kutosha kuvunja mwiko wa ligi yake mapema kama angeamua. Lakini alikuwa amewatafuta Wes Unseld na Butch Beard, wote Weusi, wote wakachagua kwenda Louisville. Na miaka ya 1920, akiwa mwalimu wa sekondari Illinois, alimchezesha kijana Mweusi. Filamu ilihitaji adui, na mzee yule alikuwa na uso wa kufaa. Mtu mwenyewe hakunyooka hivyo, wala upande huu wala ule.

Mengine haraka haraka. Ile mechi ya ugenini ambapo vyumba vya wachezaji vinachafuliwa kwa matusi ya rangi, kama inavyoonekana kwenye filamu, ni ya kutungwa. Matusi ya mdomo na mashabiki wabaya walikutana nao kweli. Marufuku ya dunki iliyowekwa 1967 wengi huihusisha na Lew Alcindor wa UCLA, aliyekuja kuitwa Kareem Abdul-Jabbar, kuliko Lattin. Na nimemsikia mtu kijiweni akisema bila Texas Western, Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu, asingecheza chuo cha Connecticut. Connecticut iko kaskazini, ambako Weusi walikuwa wanacheza kikapu cha vyuo kabla ya 1966. Ukuta aliotaka kumvusha Thabeet ulikuwa kusini.

"Kesho yake milango ikafunguka"

Kesho yake magazeti mengi hayakugusia hata rangi ya wachezaji. Yalieleza mechi kama mechi. Maana ile tunayoipa leo ilikua polepole. Katika ligi ya kusini-mashariki waliyokuwamo Kentucky, Mweusi wa kwanza kucheza kikapu cha timu kubwa alikuwa Perry Wallace wa Vanderbilt, mwishoni mwa 1967, naye alitemewa maneno kila alikokwenda. Kentucky walingoja mpaka Payne alipoanza kucheza, msimu wa 1970-71.

Pale El Paso magunia ya barua za chuki yalimfuata Haskins. Wazungu wa kusini walimtukana kwa kuwapanga wale vijana. Miaka miwili baadaye makala katika gazeti kubwa la michezo ikamgeuza mnyonyaji aliyewatumia Weusi na kuwatupa, na uvumi ukaenea kwamba hakuna aliyeambulia shahada. Uvumi huo nao haukuwa kweli. Artis alikuwa mpelelezi wa polisi Gary, Hill akafanya kazi katika kampuni ya gesi El Paso, Worsley akaingia kwenye shule za New York, Shed akawa mtumishi wa chuo kikuu San Antonio kwa miaka mingi. Haskins alikuja kukiri kwamba kuna wakati alitamani wangemaliza wa pili.

Chuo kilibadili jina 1967, kikawa UTEP. Yeye hakuhama. Alifundisha palepale mpaka 1999, akashinda mechi 719, na nusu fainali ya NCAA hakuiona tena.