Kuonyesha leseni kaunta siyo kuverifai kadi

Kuna sentensi moja naisikia sana kwa Waswahili wenzangu wa Marekani, hasa kwa wale wanaompokea mgeni na kumfundisha maisha: "Ukilipa kwa krediti kadi watakuverifai, toa leseni, ni sheria ya huku." Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa mtu ambaye ana miaka mingi huku na anajua mambo mengi tu, nkasema hii sasa basi, tuandike. Maana hapo kila kipande kina kasoro. Siyo kuverifai, siyo sheria, na hiyo leseni yenyewe ya udereva haina kazi kwenye malipo.

Maana kwa kifupi. Kumthibitisha mwenye kadi, ndo huko kuverifai, ni ile hatua ndani ya malipo ambapo mfumo wa kadi unajiridhisha kuwa anayelipa ndo yule aliyepewa kadi na benki. Inafanyika kwa pini, au kwa saini, au kwa kidole na sura kama unalipa kwa simu, na mara nyingi kwa hela ndogo haifanyiki kabisa, mfumo umekubali kuiruka. Hiyo orodha imo ndani ya chipu ya kadi yenyewe, imepangwa na benki, mashine ya duka inaisoma na kufuata. Imekwisha. Leseni ya udereva haimo, pasipoti haimo, kitambulisho cha kazini ndo kabisa.

Sa tatizo liko wapi, liko hapa, watu wanachanganya vitu vitatu na kuviita jina moja.

Cha kwanza ni kuidhinisha. Unachomeka kadi, mashine inatuma swali benki kupitia mtandao wa kadi, yani Visa au Mastercard au wengine, jibu linarudi kwa sekunde chache: ndiyo au hapana. Ndiyo maana yake akaunti iko hai, limiti inatosha, na kadi haijaripotiwa kuibiwa. Haisemi nani kaishika. Mwizi aliyeokota kadi yako dakika kumi zilizopita na wewe bado hujajua, anapata ndiyo safi kabisa.

Cha pili ndo huko kuthibitisha nilikosema juu.

Cha tatu ni keshia kukwambia "naomba ID". Iangalie hii kwa karibu siku moja ukiwa kwenye foleni. Keshia anapokea kadi, anaigeuza nyuma, anapokea leseni, anatazama jina, anatazama sura yako kidogo kwa aibu, anarudisha vyote viwili, alafu anaendelea kama kawaida. Alichokiona kimeishia machoni kwake. Mashine haina kitufe cha "nimemwona ni yeye", risiti haiandiki, benki haijui kama leseni ilitolewa au haikutolewa. Kesho mwenye kadi akipiga simu benki akasema haya malipo siyo yangu, benki inauliza chipu ilisomwa au haikusomwa, pini iliingizwa au haikuingizwa, haiulizi keshia wako alimwangalia mtu usoni kwa muda gani. Kwa hiyo hata kama ni ulinzi, ni ulinzi ambao duka haliwezi kuuonyesha popote.

Na hata kutazama kwenyewe kuna shimo. Enzi za kadi za kuswaipu, mtu anayetengeneza kadi feki alikuwa anaweka data ya akaunti ya mtu mwingine kwenye ule mkanda mweusi wa nyuma ya kadi, alafu kwa mbele anachapa jina analotaka yeye, hata jina lake mwenyewe. Anatoa leseni yake halali kabisa, majina yanafanana mpaka nukta, keshia anaridhika, na hela inatoka kwa mtu wa mji mwingine. Ndo maana maduka mengine yalikuwa yanamwambia keshia aingize namba nne za mwisho anazoziona mbele ya kadi, mashine inalinganisha na zilizo kwenye mkanda. Hiyo ilikuwa inashika kadi feki. Leseni haikuwa inashika.

Ila kwetu sisi leseni ilikuwa inashika watu wasio na hatia, hilo silisahau. Kadi inasema Juma H Salum, leseni inasema Juma Hamisi Salum Mbwana, pasipoti imeanza na Mbwana, keshia wa miaka kumi na tisa anaanza kuhisi amekamata jambazi.

Haya, kwa nini tabia ilianza? Hapa ntakaa kidogo maana ndo panaponiudhi.

Kadi hizi zilianza kwa saini. Diners Club ilianza 1950, BankAmericard ambayo baadaye ikawa Visa ikaanza 1958 kule Fresno, California, Bank of America ikawatumia watu kama 60,000 kadi kwa posta bila wao kuomba. Wakati huo hamna intaneti kaunta. Keshia alikuwa na kile kimashine cha kusukuma kwa mkono kinachopiga namba za kadi kwenye karatasi ya kaboni, ana kijitabu cha namba za kadi mbovu cha kupekua, na kama hela ni nyingi anapiga simu. Saini ilikuwa na kazi kweli: nyuma ya kadi kuna mstari umesaini, kwenye karatasi unasaini tena mbele yake, analinganisha mbili. Ndo huko kuthibitisha kulikoanzia. Ule mstari wa nyuma ya kadi haukuwa pambo, na kadi nyingi ziliandikwa pale pale kuwa bila saini kadi siyo halali.

Sa miaka ikaenda, watu wakaona saini inaigizwa kirahisi, mwizi akiipata kadi amepata na sampuli ya saini juu yake. Hapo ndo wajanja walipobuni ule ujanja ambao mpaka leo unanipandisha presha: badala ya kusaini, unaandika "See ID" kwenye mstari. Yani unamwamuru keshia aombe kitambulisho. Watu wakaambizana, wakafundishana, mpaka kwenye vikao vya kumkaribisha mgeni inatajwa kama siri ya kuishi mjini. Jamani. Ukiandika "See ID" hujaongeza ulinzi, umeacha kadi bila saini, na kwa kanuni za kadi enzi hizo kadi isiyo na saini ilikuwa haitakiwi kupokelewa hivyo hivyo. Keshia aliyefuata utaratibu sawasawa alitakiwa aombe kitambulisho NA akwambie usaini pale pale mbele yake, ukikataa akurudishie kadi yako. Posta ya Marekani ilijulikana kwa hili, watu walikuwa wanafika dirishani na kadi zao za "See ID" wanarudishwa wanabaki kulalamika kuwa wamenyanyaswa. Wao ndo waliokuwa wamekosea.

Wenzetu wa nchi nyingine walimalizana na saini mapema. Ufaransa kadi zote za benki zilikuwa na chipu na pini mwishoni mwa 1992. Uingereza siku ya Valentino, 14 Februari 2006, saini ikawekwa pembeni, ukisahau pini shauri yako. Marekani wakachelewa mpaka 1 Oktoba 2015, siku ambayo hasara ya kadi feki ilianza kumwangukia yule ambaye hajafunga mashine ya chipu, kama ni duka basi duka. Maduka yakakimbilia mashine mpya. Lakini kwa krediti kadi benki nyingi za huko hazikutaka kumsumbua mteja na pini, zikabaki na chipu na saini. Alafu Aprili 2018 Visa, Mastercard, American Express na Discover wote wakaacha kulazimisha saini, Visa kwa maduka yenye mashine za chipu. Kadi nyingi mpya hazina hata ule mstari wa kuandikia. Kwa hiyo leo Marekani krediti kadi ya plastiki kaunta inathibitishwa na chipu kwamba ni kadi halisi, lakini mtu hathibitishwi na chochote. Pengo lipo, silikatai. Meneja analiona, anaogopa, anawaambia vijana wake ombeni ID kwa kila kinachozidi kiasi fulani, hasa simu, laptopu na gift kadi. Namwelewa. Ila hiyo ni sera ya duka lake.

Na sera ya duka siyo sheria, hili ndo jambo la pili ambalo watu hawataki kuliachia. Kati ya duka na Visa au Mastercard kuna mkataba, unapitia benki ya duka. Mkataba huo unasema, kwa maneno yangu, duka linaweza kukuomba kitambulisho lakini kwa kawaida halitakiwi kukataa kadi yako kwa sababu tu umekataa kukitoa, isipokuwa kama taarifa hiyo inahitajika kukamilisha biashara yenyewe, mfano anwani ya kukuletea mzigo. Polisi hawahusiki hapo, hamna kosa la jinai kwako wala kwake. Duka likivunja, unalalamika kwa benki yako au kwa mtandao wa kadi. Kwa hiyo ukisema "sheria inawataka waombe" umegeuza kitu kichwa chini miguu juu, maana kanuni iliyopo inalibana duka, haikubani wewe.

Najua mtu atasema "lakini mi duka la dawa walinikatalia kabisa". Ulinunua nini? Kama ni dawa ya mafua yenye pseudoephedrine, hiyo ni sheria ya shirikisho kweli, wanatakiwa kuona kitambulisho na kuandika jina, kwa sababu watu walikuwa wanapikia madawa ya kulevya. Wangekuomba hata ukilipa kwa noti mkononi. Pombe na sigara vilevile, wanatafuta umri. Kurudisha bidhaa bila risiti, kuchukua oda uliyolipia mtandaoni, vyote vina sababu zake. Mtu anaona leseni inatolewa, anaona kadi inatolewa, anaunganisha mwenyewe kichwani kuwa moja imeitwa na nyingine.

Sheria ya kweli inayogusa kadi na kitambulisho ipo, tena inafanya kazi upande ambao wengi hawautegemei. California wana Song-Beverly Credit Card Act ya 1971. Duka linaruhusiwa kutazama leseni yako, hilo halina shida, ila haliruhusiwi kuandika taarifa zako binafsi kama sharti la kupokea krediti kadi. Kutazama sawa, kuandika hapana. Mwaka 2011 mahakama ya juu ya jimbo, kwenye kesi dhidi ya Williams-Sonoma, ikasema hata zip kodi, yani namba ya posta ya eneo unaloishi, ni taarifa binafsi, maana duka lilikuwa linachukua jina kwenye kadi na zip kodi linatafuta anwani ya nyumbani ya mteja. Pampu ya mafuta inayokuuliza zip kodi imepewa nafasi yake kwenye sheria, pale inatumika kuzuia wizi tu. Massachusetts nao mwaka 2013 wakafika karibu na hapo hapo kwenye zip kodi. Yani sheria zinahangaika na anayekusanya taarifa, siyo na mteja asiyetoa leseni.

Nadhani sisi wengine tunanasa kwenye hili kwa sababu ya tulikotoka. Kenya ulikuwa ukienda kwa wakala wa M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, anataka kitambulisho, anaandika namba kwa daftari, unasaini, ndo unapewa hela zako. Pale ni utaratibu wa huduma yenyewe na wakala anakabidhi pesa taslimu, laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho hicho hicho. Mtu aliyezoea hivyo akifika Marekani akiombwa leseni dukani anaona ni jambo lile lile, na ukimwambia siyo anakuona mbishi.

Na lile la "wanakulinda wewe" pia lipunguzeni. Kwa sheria ya shirikisho, mtu akitumia krediti kadi yako bila idhini, wewe unawajibika kwa dola 50 tu zikizidi sana, na mitandao ya kadi kwa kawaida inaziondoa hata hizo. Hasara ni ya benki au ya duka. Duka linapoomba leseni linajilinda lenyewe, ni haki yake kujaribu.

Basi aliyemwambia mgeni wake kuwa ni sheria, amrudie tu taratibu amwambie ni duka ndo linaomba, na kuomba wanaruhusiwa. Ukiwa na leseni na huna haraka, mwonyeshe kijana wa watu, kaambiwa na bosi wake. Akishika kalamu aanze kunakili namba ya leseni, hapo mwambie hapana, kutazama kunatosha. Na wenye kadi bado zina mstari nyuma na mmeandika "See ID", pembeni yake pana nafasi, sainini.